Mjomba, linakohoa: hesabu ya mafuta katika mbio ndefu za kompyuta

"Mjomba, linakohoa."

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia mpwa wangu huko Magongo, Changamwe, saa sita kasorobo usiku. Gari lake lilikuwa kwenye mzunguko wa mwisho wa mbio za maili 500. Alikuwa wa sita kati ya magari 33. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, daftari mapajani, na kazi yangu usiku ule ilikuwa moja tu: kuhesabu mafuta. Gari lilikata moto kabla ya kona ya tatu. Likateleza kimya kimya huku wenzake wakimpita mmoja baada ya mwingine, hata akivuka mstari kwa mwendo wa mkokoteni alikuwa wa kumi na nne.

Gari lenyewe, ndugu msomaji, halipo. Ni la kwenye kompyuta. Lakini usukani aliokuwa ameushika ni wa kweli. Waliununua mkononi, yeye na wenzake watatu, kwa mchango wa miezi mitano, na katika ligi yao wanaomaliza ndani ya kumi ndio wanaobaki daraja la juu msimu unaofuata. Aliyebaki nje anaanzia chini. Kijana hakunigombeza. Alivua spika za masikioni, akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, si ulisema yatatosha?" Tangu siku ile nimekuwa nikiulizwa na watu wa Likoni, wanaojua niliendesha matatu miaka kumi na tisa, imekuwaje mimi nishindwe na hesabu ya petroli ya mchezo. Nitaeleza. Na kwa kuwa vijana wengi wa Kisauni na Changamwe wameingia katika mbio hizi, pengine maelezo haya yatamfaa mtu.

Kwanza, mbio zenyewe. Uwanja wanaoupenda ni wa Indianapolis, Marekani, ambako mashindano ya magari ya maili 500 yalianza mwaka 1911. Ni njia ya duara iliyorefushwa, yenye kona nne, zote za kushoto, na mzunguko mmoja ni maili mbili na nusu, yaani kama kilomita nne. Maili 500 ni mizunguko 200. Ukiutazama mara ya kwanza utasema huu ni upuuzi, watu wanazunguka mahali pamoja kama punda wa kinu. Nilisema hivyo mimi pia. Kumbe mahali ambapo kona zote ni sawa na magari yote ni sawa, kinachobaki kuwatofautisha watu ni nani ametumia mafuta yake vipi.

Michezo hii si ya jana. Mwaka 1989 kampuni ya Papyrus ilitoa mchezo wa kompyuta wa mbio hizi hizi za Indianapolis, na mmoja wa waliouunda, Dave Kaemmer, ndiye baadaye alishiriki kuanzisha iRacing, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008. Sifa ya michezo ya aina hii ni kwamba haikuruhusu kudanganya. Magurudumu yanachakaa, tangi linapungua, na gari lenye tangi lililojaa ni zito. Lita 70 za petroli ni zaidi ya kilo 50, sawa na mfuko mzima wa saruji umeupakia kwenye gari jepesi. Mizunguko ya mwanzo ya tangi gari huwa goigoi, na ya mwisho huwa kama limefunguliwa kamba.

Mpwa wangu aliingia humo mwaka 2020. Mtakumbuka Aprili ile Mombasa ilivyofungwa, hakuna kuingia wala kutoka mpaka Julai, na madereva wa kweli wa Marekani nao wakawa wamekaa majumbani wakishindana kwa kompyuta huku televisheni zikirusha. Alitazama kwa simu, akanaswa.

Sasa twende kwenye hesabu.

Tangi la gari lao ni galoni 18.5 za Kimarekani, ambazo ni lita 70. Tulipopima mazoezini, gari likiwa peke yake njiani na mguu umekanyaga mafuta mpaka chini, lilikula lita 2.2 kwa mzunguko. Zidisha kwa 200 upate lita 440. Gawanya kwa 70, utaona tangi sita hazitoshi, unahitaji la saba. Tangi la kwanza unaanza nalo, kwa hiyo utalazimika kusimama mara sita kujaza.

Kusimama ni kuingia piti, ile njia ya pembeni ambako mafundi hungoja na mafuta na magurudumu. Humo mwendo una kikomo, maili 60 kwa saa, kiasi cha kilomita 97, wakati wenzako njiani wanapita na 350. Ukijumlisha kupunguza mwendo, kujaza na kutoka, kwa vipimo vyetu unapoteza karibu sekunde 40. Mzunguko mmoja wa kasi ni sekunde 41. Kwa hiyo kila ukisimama, wenzako wanakaribia kukuzidi mzunguko mzima.

Hapo ndipo kila kijana mwenye akili huuliza: je, nikila mafuta kidogo, nisimame mara tano badala ya sita? Inawezekana. Gari likila lita 2.05, mizunguko 200 inataka lita 410, na hizo zinaingia katika tangi sita. Njia ya kubana ni kuinua mguu kabla ya kona, mapema kidogo kuliko unavyohitaji, uliache gari liteleze lenyewe kuingia. Sisi wa matatu tulilijua hilo zamani. Ukitoka Ukunda kuja Likoni na mshale wa mafuta uko chini, hukanyagi mpaka kwenye kituo kisha upige breki, unaachia mapema. Breki ni mafuta uliyoyanunua ukayamwaga.

Lakini kuna gharama. Kuinua mguu namna hiyo kulitugharimu kama moja ya tano ya sekunde kwa mzunguko. Zidisha kwa 200. Ni sekunde 40, yaani kile kile ulichotaka kuokoa kwa kutosimama. Vijana wengi huishia hapa, wakasema kubana mafuta ni woga, bora kukanyaga tu. Na kama wangekuwa peke yao njiani, na mbio zisisimamishwe hata mara moja, wangekuwa sahihi.

Hawako peke yao, na hilo ni jambo la kwanza. Gari linalokwenda kilomita 350 kwa saa linapasua hewa kama jahazi linavyopasua maji, na anayefuata nyuma karibu anapita kwenye hewa iliyokwisha kupasuliwa. Anaweza kukanyaga kidogo na kwenda mwendo ule ule. (Nawaona waendesha bodaboda pale Miritini wakijibanza nyuma ya matrela kwa sababu hiyo hiyo. Wallahi hiyo si hesabu, ni kujitafutia kaburi.) Tulipopima mpwa wangu akiwa nyuma ya gari jingine, alikula lita 2.05 bila kupoteza hata chembe ya muda. Yaani aliyeko mbele anakulipia mafuta. Ndiyo maana katika mbio ndefu utaona madereva wazuri wakikaa wa tatu, wa nne, wa tano, saa nzima, kama hawana haja ya kushinda.

Jambo la pili ni bendera ya manjano, na hili nitakaa nalo, maana ndilo linalowapoteza wengi.

Ajali ikitokea, bendera ya manjano hupeperushwa, gari la usalama linatoka, na wote hujipanga nyuma yake mwendo wa polepole. Mizunguko hiyo inahesabiwa katika zile 200. Mafuta nayo yanaliwa kidogo sana. Letu lilikula kama lita moja tu kwa mzunguko, chini ya nusu. Kwa hiyo bendera ya mizunguko sita inakupa zawadi ya lita saba hivi, ambazo ni mizunguko mitatu ya bure.

Zaidi ya hayo, bendera huwakusanya watu. Fikiria kivuko cha Likoni. Wewe umetoka Mtongwe mbio mbio, umepita magari kumi, umefika ukakuta feri imefunga mlango. Unangoja. Yule uliyempita kwa tabu anakuja taratibu, anasimama nyuma yako, na mnapanda feri moja. Kasi yako yote imepotea. Bendera ya manjano ni feri ile. Aliyekuwa mbele kwa sekunde 20 anajikuta amefuatwa mgongoni na yule aliyekuwa nyuma. Na kwa kuwa wote wanakwenda polepole, kuingia piti wakati huo hakukugharimu mzunguko, kunakugharimu nafasi chache kwenye foleni.

Sasa chukua watu wawili. Mmoja aliishiwa mafuta mzunguko wa 60, akasimama mbio zikiwa zinaendelea, akapoteza sekunde 40. Mwingine alikuwa amebana na bado ana mafuta ya mizunguko mitatu. Mzunguko wa 62 bendera inatoka. Yule wa pili anajaza karibu bure, na wa kwanza amebaki nyuma kwa mzunguko. Faida ya kubana, basi, si lazima iwe kupunguza idadi ya kusimama. Ni kuweza kungoja. Mwenye mafuta ya kungoja mizunguko mitatu zaidi ana nafasi tatu zaidi za kukutwa na bendera akiwa bado hajaingia piti.

Ila kuna mtego wa sheria hapa. Bendera ikitoka tu, piti hufungwa. Haifunguliwi mpaka magari yamejipanga nyuma ya gari la usalama. Ukiingia imefungwa, adhabu yako ni kupelekwa mwisho wa foleni. Kwa hiyo anayepanga kusimama tangi likiwa tupu kabisa anaweza kujikuta bendera imetoka, piti imefungwa, na yeye hana mafuta ya kuzunguka akingoja ifunguliwe. Achague: aingie aadhibiwe, au azimike njiani. Tangu tulipolifahamu hilo tumeweka kanuni ya nyumbani kwamba lita mbili za mwisho haziguswi mpaka tangi la mwisho.

Sheria nyingine nitazipitia haraka. Kuzidisha mwendo ndani ya piti ni adhabu ya kupita tena humo bila kusimama, hata kama umezidisha kidogo. Ile mizunguko ya kujipanga kabla ya kuanza haihesabiwi, ila mafuta yake yanaliwa, na wengi husahau. Gari likizimika njiani unaweza kuomba livutwe, lakini kuvutwa kunachukua muda mrefu, mbio zako zimekwisha. Na kujaza huchukua muda kulingana na lita, kwa hiyo mara ya mwisho hujazi tangi, unatia kile kinachotosha kufika, basi.

Kuna sheria moja ambayo haipo Indianapolis, ila ipo katika mbio za NASCAR na ligi zinazoziiga. Bendera ikitoka mwishoni kabisa, mbio huongezwa mizunguko ili zimalizike kwa kasi. Mwaka 2011 huko Charlotte, katika mbio za maili 600 zilizopangwa mizunguko 400, ziliongezwa zikawa 402. Dale Earnhardt Jr. alikuwa anaongoza. Akatoka kona ya mwisho kabisa, mafuta yakamwishia, na Kevin Harvick akampita akashinda. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, uliza: ligi hii inaongeza mizunguko au haiongezi?

Na kwa anayedhani kuhesabu mafuta hakushindishi mtu, amtazame Alexander Rossi. Mwaka 2016, katika mbio za Indianapolis za kutimiza mia, alikuwa mgeni kabisa wa mashindano yale. Alijaza mara ya mwisho mzunguko wa 164. Wengine wote waliokuwa na kasi kumzidi walilazimika kurudi kuongeza. Yeye aliambiwa kwa redio abane, na mwenzake wa timu alimkinga hewa. Mizunguko 36 kwa tangi moja, alivuka mstari akiteleza, akashinda kwa zaidi ya sekunde nne, kisha gari likazimika na ikabidi livutwe kwenda kupokea kombe.

Hadithi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Usiku ule tulikuwa tumekwenda vizuri ajabu. Bendera zilikuja mara tatu, kijana akabana kwa utulivu, akakaa nyuma ya wenzake, na kufikia mzunguko wa 168 alikuwa anasimama mara ya tano, ya mwisho. Mizunguko 32 ilibaki. Nikafungua daftari. Saa nzima iliyopita alikuwa amekula lita 2.05 kwa kila mzunguko wa kasi. Sabini gawanya kwa 2.05 ni 34. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua, "Una mizunguko thelathini na nne, mwanangu. Kanyaga."

Akakanyaga. Lakini wale aliokuwa amejificha nyuma yao walikuwa wameingia piti mapema au baadaye. Alipotoka, mbele yake hapakuwa na mtu. Alikuwa peke yake, anapasua hewa mwenyewe, na gari lilirudi kula lita 2.2. Mizunguko 32 kwa lita 2.2 ni lita 70.4. Tangi ni 70, na nusu lita ya chini kabisa pampu haiivuti vizuri. Tulikuwa na 69.5. Tulipungukiwa na lita moja kasoro.

Kilichoniuma ni udogo wake. Kama ningeona mapema, angehitaji kula lita 2.17 badala ya 2.2. Tofauti ni mililita 30 kwa mzunguko. Vikombe vile vidogo vya kahawa tungu wanavyotuuzia jioni pale kivukoni, nusu ya kikombe kimoja. Kuinua mguu kidogo mara moja tu kila mzunguko, angefika wa sita, au wa saba tuseme kwa ule muda uliopotea.

Na mimi nilikuwa nalijua jambo hili kabla huyo kijana hajazaliwa. Matatu yangu ya kwanza mshale wa mafuta ulikuwa umekufa. Nilihesabu kwa safari: mafuta ya shilingi kadhaa ni safari kadhaa. Lakini sikuhesabu safari ya asubuhi, gari limejaa abiria na magunia ya nazi juu, sawa na safari ya saa nane mchana gari tupu. Nilikuwa na hesabu mbili kichwani. Kwenye kompyuta nikabaki na moja, kwa sababu namba ilikuwa imeandikwa vizuri kwenye skrini na nikaiamini.

Dadangu, mamake kijana, aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Mnakaa Changamwe," akasema, "meli zinashusha mafuta ya nchi nzima hapo Kipevu, matangi ya kiwanda mnayaona dirishani, na nyinyi mmeishiwa petroli ndani ya chumba." Kiwanda chenyewe kiliacha kusafisha mafuta tangu 2013, ila matangi yapo bado, na sina jibu.

Siku mbili kijana hakunipigia simu. Siku ya tatu akaja Likoni na daftari jipya, akaniamkia, akakaa. Tumeligawa ukurasa sehemu tatu. Ya kwanza mizunguko aliyokuwa peke yake, ya pili akiwa nyuma ya mtu, ya tatu bendera ya manjano. Kila mzunguko ninaandika alichokula katika sehemu yake, sichanganyi. Akitoka piti swali langu la kwanza kwake sasa ni "kuna nani mbele yako?" na namba ninayompa ni ya sehemu ile. Halafu baada ya mizunguko mitano napima tena. Mwenzake mmoja, wa Mishomoroni, alitaka kuandika programu ifanye kazi hiyo yenyewe. Nimemwambia aandike, lakini daftari litakuwepo.

Kumebaki jambo la stima. Katika zile mbio, mita ya nyumbani ilikuwa na yuniti chache kuliko nilivyopenda, na kompyuta, skrini na feni kwa saa tatu si mchezo. Nilikuwa nachungulia tangi mbili kwa pamoja, la gari na la ukutani. Mtandao haukutusumbua. Nyaya za chini ya bahari zilizoanza kufika Mombasa mwaka 2009 zinafanya kazi yake, gari linachelewa kidogo tu kuonekana kwa Wamarekani, ila stima ikikatika hakuna adhabu ya mwisho wa foleni, umetoka.

Jumamosi ijayo ni mizunguko 200 tena, saa tatu usiku, wakianzia daraja la chini. Dadangu amesema atatoa tokeni za shilingi mia mbili. Zikizidi hapo, tununue wenyewe.